Nilivyokuwa Miguu ya Fisi

Nyinyi mnaobaki pale studio mmeniomba niandike jinsi kazi yetu ilivyofanywa, ili wageni wa kazi wasinipigie simu kila mara nikiwa nimejinyoosha mchana. Nimekubali. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na vilikuja vimechelewa. Mishahara nayo tuiache ipumzike. Nitawasimulia habari za ndala mbili, moja imelowa maji na nyingine kavu, kwa sababu hizo ndizo zilizonilisha mimi na wanangu, na ndizo ambazo siku moja zilitaka kuharibu kitabu cha mtu.

Mimi ni Radjabu, mtoto wa fundi seremala wa mtaa wa Buyenzi. Sikuomba kazi redioni. Baba alinituma pale kutengeneza mlango wa studio uliokuwa ukilia kupita kiasi. Nikafika na msasa na kopo la mafuta, nikapiga magoti penye bawaba. Kabla sijafungua kopo, akaja mbio mtu wa makamo, amevaa suti na tai, lakini chini ana soksi tupu.

"Weye, kijana! Usiguse ile mulango!"

"Mzee, inalia sana. Wamenituma niinyamazishe."

"Njo kazi yake, kulia! Mi nimeitafuta mulango yenye kulia vile mpaka nikachoka. Ukiweka mafuta, majini yetu yote yatapitia wapi? Dirishani?"

Huyo alikuwa Mzee Leonidas. Kila Alhamisi alasiri redio ilikuwa na kipindi cha watoto cha hadithi za wanyama. Msomaji, Mama Spesioza, alisoma na kuigiza midomo ya wanyama wote, na Mzee Leonidas alifanya sauti nyingine zote: miguu, mabawa, mvua, milango. Wakubwa walimwita kwa Kifaransa "bruiteur", yaani mpiga kelele. Mama yangu, mpaka anaingia kaburini, aliwaambia majirani kwamba mwanawe anapiga kelele redioni na analipwa.

Siku ile Mzee Leonidas aliniambia niufungue mlango kama mwizi. Kisha kama mtu aliyechelewa. Kisha kama mtu asiyetaka kuingia. Ule wa tatu nilikaa nao sana, nikausukuma, nikauacha, nikausukuma tena kidogo. Akanitazama, halafu akasema, "Mwambie baba yako akutume tena kesho." Kesho yake nilikuja bila mafuta.

Viatu alivivua kwa sababu viatu vina maneno yao, alisema, nao huropoka kila unapohama mguu. Tai aliivaa kwa heshima ya watoto, ingawa hawakumwona. Kanuni yake kubwa ilikuwa moja: sisi hatutumii mdomo. Sauti ya mdomo ni ya msomaji. Nikikohoa tu karibu na mikro, yaani kinasa sauti, ananipa jicho lililonitosha wiki nzima. Nilifanya kazi miaka yangu yote bila kusema neno hata moja hewani, isipokuwa lile ambalo nitawaambia.

Vifaa vyetu mnavijua, vingine bado viko kwenye kabati. Sungura ni vibuyu viwili vidogo vinavyogongwa juu ya ubao. Kunguru ni mwavuli unaofunguliwa na kufungwa upesi. Mvua ni mchele unaomwagwa polepole kwenye sinia, na baada ya kipindi mvua hiyo inapikwa. Mchanga wa ufukweni ni unga wa muhogo ndani ya soksi, unaufinya taratibu. Kiboko tulimfanya kwa beseni la maji na kitambaa kizito. Viboko wa kweli wako hapo hapo ziwani, lakini hawapokei maelekezo.

Fisi ndiye aliyekuwa na ndala. Mzee Leonidas aliamua kwamba fisi wetu aliingia mtoni kwa mguu mmoja, akaghairi. Kwa hiyo anatembea mguu mmoja umelowa na mwingine mkavu: chwa, pa. Chwa, pa. Alikuwa mwoga, mlafi, anadanganywa na Sungura kila Alhamisi, na mji mzima ulimpenda. Siku hizo tulikuwa tunaleta watoto studio, wengi kutoka Nyakabiga, wanakaa chini kwenye mkeka. Wakisikia chwa, pa, wanapiga kelele zote pamoja: "Fisi, umekula?" Naye Mama Spesioza anajibu kwa sauti ya kulialia, "Baaado!" Watoto wanaanguka kwa kicheko. Sijui ni nani aliyeanzisha. Ilizaliwa pale mkekani, ikakua yenyewe.

Halafu ikaja ile miaka mibaya ya mji wetu. Sitaisimulia, waliokuwepo wanaijua. Nitasema tu jinsi ilivyoingia katika kazi yetu. Mzee Leonidas alipiga marufuku chochote kinachofanana na risasi. Hakuna kijiti kuvunjika, hakuna ubao kuanguka. Wawindaji wote wa hadithi zetu walianza kuwinda kwa nyavu. Na wazazi wakaacha kuwaleta watoto, kwa sababu njia hazikuaminika. Alhamisi ya kwanza bila watoto tulisimama tukautazama ule mkeka. Niliona uchungu, nakiri.

Mzee Leonidas akasema, "Bon. Hawawezi kuja, lakini wako nyumbani. Fisi akisimama, tuache nafasi. Watajibu huko huko."

Basi tukawa tunaacha nafasi. Chwa, pa, chwa, pa, nasimama. Kimya, kiasi cha watoto kuuliza swali lao. Halafu Mama Spesioza: "Baaado!" Mkuu mmoja wa vipindi alilalamika kwamba redio inakatika kila Alhamisi, tukamwambia ni umeme. Amani iliporudi, nafasi ile ikabaki. Mzee Leonidas alistaafu, akafa, Mwenyezi Mungu amrehemu, nikarithi ndala. Nilizibadilisha mara nyingi, maana mpira huchakaa, ila nafasi sikuibadilisha. Mguu wangu ulikuwa umezoea. Lakini kujua kwamba kuna mtu anaijaza ni jambo jingine. Kwetu sisi wa redio unasema na ukuta maisha yako yote, unaamini tu.

Jina langu nalo lilipotea humo. Mtaani nikawa Mzee Fisi. Nilipokwenda kumposea mwanangu wa kwanza, mjomba wa binti alitutazama akauliza kama kweli wanampeleka mtoto wao kwa fisi. Tukacheka, tukapewa mke.

Sasa nifike kwenye shauri lililo gumu kuliko yote.

Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Ginette, mwanamke mpole, miwani mikubwa, mikono ina vumbi la chaki. Alikuwa ameandika riwaya ya kutisha. Fabrice, fundi mitambo wetu, kijana ninayempenda ingawa anakula mbele ya mashine, aliisoma kwanza, na kesho yake akaniomba nimsindikize chooni. Mchana.

Riwaya yenyewe ilikuwa hivi. Katika mji fulani, wazazi wanawasimulia watoto hadithi za wanyama wakati wa kulala, lakini wamechoka na kazi, wanasinzia kabla ya mwisho. Wanyama wanabaki pale pale walipoachwa. Sungura yuko kisimani miaka nenda miaka rudi. Fisi amesimama nje ya mlango na njaa yake, hakuna anayemwambia aingie au aondoke. Siku moja wanachoka kusubiri. Wanaanza kwenda nyumba kwa nyumba kuwatafuta wale waliosinzia. Niliisoma nikiwa nimeegemea ukuta, ili pasiwe na kitu nyuma yangu.

Mkurugenzi wa redio aliipenda lakini aliiogopa. Akatoa sharti: isomwe sura moja mbele ya watu, Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi wa vijana pale Mutakura, hewani moja kwa moja. Watu wakishikwa, riwaya yote itasomwa kila wiki. Wakicheka, saa ile ya hewani wanapewa watangazaji wa mpira, ambao walikuwa wanaisubiri kwa hamu mlangoni.

Ginette akanifuata stoo. "Papa Radjabu, mi nataka miguu yako."

"Mwanangu, fundi yuko na fisi kwa kompyuta. Fisi wa kweli, wa porini."

"Nimemusikia. Iko kama mbuzi mwenye mafua."

Ilikuwa kweli.

"Basi tutatengeneza ingine," nikamwambia. "Huyu wangu ni wa batoto. Akitembea tu, watu watacheka. Mi siwezi kumutisha hata kuku."

Akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha kichwani. Ndipo akaniambia habari ya baba yake. Alikuwa mwashi, akirudi jioni amechoka mpaka mabega. Kila usiku alimwanzia hadithi ya Fisi, na kila usiku alisinzia mahali pale pale: Fisi amefika mlangoni, amesimama. Ginette alimtikisa, "Papa, halafu?" Naye anasema, "Kesho." Akaugua, akafariki, Fisi bado yuko mlangoni.

"Mi niko mutu mukubwa, niko na batoto," akasema, "lakini naandika ile kitabu ili nimalize ile hadithi. Na yule fisi wa baba alikuwa na sandale yako. Alimutoa kwenu, kwa radio. Kama si yeye, si hadithi ya baba. Na wakicheka, Papa Radjabu, mi naacha. Nitasahihisha dictée za batoto wa shule mpaka pensheni."

Nikaenda kulowesha ndala.

Mazoezi yalikuwa balaa. Mifupa tuliipata vizuri, maana mfupa wa binadamu redioni ni muwa unaovunjwa karibu na mikro, na mimi na Fabrice tuliitafuna mifupa yote baadaye. Mlango wa Mzee Leonidas tuliung'oa tukaubeba mpaka Mutakura juu ya gari la mizigo, umefunikwa shuka, na watu njiani walitupa pole ya msiba. Lakini Fisi alikataa kutisha. Nilitembea polepole, wafagiaji wakacheka. Nilitembea haraka, wakacheka zaidi. Niliweka ndala kubwa, dereva wa redio akauliza Fisi amenenepa lini. Ginette alisoma vizuri sana, sauti ya chini, haina haraka, na kila nilipoingia mimi nilimwaga maji kwenye moto wake. Nilirudi nyumbani kila jioni nimenuna, mke wangu Mwajuma akaniuliza nimefiwa na nani.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Niliwatazama kutoka nyuma ya pazia: watu wazima watupu, mafundi wa magari, wauguzi, wauza vitenge, makarani, watu wenye matumbo na madeni. Mstari wa mbele alikaa dereva wa teksi mkubwa wa mwili, mikono kifuani, uso wa mtu asiyetishwa na kitu hapa duniani.

Ginette akaanza. Msichana yuko chumbani, baba yake amesinzia katikati ya hadithi. Taa imezimwa. Ukumbi ukatulia. Nikaufungua mlango kidogo, ule wa tatu, wa asiyetaka kuingia, nikasikia mtu anavuta pumzi. Tulikuwa tumewashika. Kisha akasoma, "Nje, kitu kikaanza kutembea," na zamu yangu ikafika.

Chwa, pa. Chwa, pa. Na hapo mguu wangu, bila kuniuliza, ukafanya kama ulivyofanya kila Alhamisi. Ukasimama. Ukaacha nafasi.

Ukumbi mzima ukapasuka: "FISI, UMEKULA?"

Wote. Wauguzi, makarani, yule wa teksi akiwa na sauti kubwa kuliko wote. Kwa pamoja, bila kukosea, kama walivyokuwa wakijibu utotoni mbele ya redio, kila mmoja nyumbani kwao, miaka ile ambayo sisi tulisimama kuutazama mkeka mtupu. Wakaangua kicheko, wanapigana mabegani.

Nawaambia ukweli, machozi yalinitoka. Miaka yote ile niliacha nafasi na sikuwahi kusikia mtu akiijaza. Walikuwapo! Nilitaka kutoka nyuma ya pazia niwakumbatie mmoja mmoja, pamoja na yule mkubwa. Nilifurahi kiasi hicho.

Halafu nikamwona Ginette. Alikuwa ameshika karatasi mbele ya uso wake. Mkurugenzi alikuwa ameshika kichwa. Watangazaji wa mpira walikuwa wametabasamu. Fisi wa baba yake alikuwa ameachwa mlangoni kwa mara nyingine, na safari hii ni mimi niliyemwacha.

Kicheko kilikuwa kinapungua. Sasa walikuwa wanasubiri, nyuso zimefunguka, wanatabasamu, kila mmoja anangoja neno lake, lile "Baaado" la kulialia ambalo lingewaambia kwamba mambo ni yale yale. Mama Spesioza hakuwepo kulisema. Tabasamu zikaanza kuchoka. Nyuma mwanamke mmoja akauliza tena, peke yake, taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyoitikia: "Fisi... umekula?"

Nikapiga hatua moja. Ile iliyolowa tu. Chwa.

Nikainama kwenye mikro. Mzee Leonidas anisamehe huko aliko. Nikasema polepole, bila kulia, bila kuigiza, kama mtu aliyeshiba anavyosema akiwa amekaa kwenye kiti chake:

"Nimekula."

Kwanza hakuna kilichotokea. Kisha yule dereva wa teksi akalia "Mama weee!" akasimama na kiti kikamfuata. Mwanamke mmoja akapanda mapajani kwa mtu asiyemjua. Fabrice, aliyekuwa ameisoma sura ile na kuila mifupa yake, akajificha chini ya meza ya mitambo, ndiyo maana hewani mlisikia mlio ule mkali. Wale wa mpira hawakuonekana tena.

Na Ginette, ambaye ni mwandishi kweli kweli, hakupoteza hata pumzi. Palikuwa na ukurasa mzima wa Fisi akijieleza mlangoni. Akaugeuza, akaacha yasiyo ya lazima, akaenda moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho: "Msichana akanyoosha mkono kupapasa kitanda cha baba yake. Kilikuwa kitupu. Kilikuwa bado kina joto."

Watu hawakupiga makofi. Waliondoka wakiwa wameshikana mikono, alasiri, jua linawaka, na wengi walikwenda kununua betri za tochi.

Ginette alikuja nyuma ya pazia akakaa juu ya mlango uliolazwa chini. Alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, miwani imejaa ukungu. "Na yeye alikuwa anajibu," akaniambia. "Baba. Kila Alhamisi, akiwa nyumbani, alikuwa anapiga kelele na sisi. Umekula, umekula. Jirani walimucheka." Akaifuta ile miwani. "Sasa imekwisha, Papa Radjabu. Imekwisha vibaya, lakini imekwisha."

Riwaya ilisomwa yote, kila wiki. Nyinyi wenyewe mliipokea ile simu ya mama aliyetaka kujua kama ni lazima amalize hadithi aliyomwanzia mtoto wake ambaye sasa ameolewa. Mkamwambia amalize tu. Mlifanya vizuri.

Kwa hiyo mkiniuliza niwaachie nini, ndala ziko kwenye kabati, ya kulia ndiyo inayoloweshwa. Mlango msiutie mafuta. Na popote mtakapoweka sauti, acheni ile nafasi, hata kama kompyuta inawaonyesha mstari mtupu na kidole kinawawasha kuukata. Msiukate.

Nimebakiza siku yangu ya mwisho. Mliniandalia chakula uani, pilau na ndagala wa kukaanga, dagaa wetu wa ziwani, na nilikula kama mtu asiyelipia. Sahani ya pili nilikuwa nimeimaliza, mkanda nimeulegeza, nawaza kuomba maji ya kunawa. Ginette akaja na sinia mkononi, akasimama mbele yangu, akasema kwa sauti ya mwalimu ili wote wasikie:

"Mzee Fisi, umekula?"

Mnakumbuka wenyewe. Vijiko vilisimama. Fabrice aliutazama mlango wa uani kuona kama uko wazi. Mkurugenzi aliacha kutafuna. Mke wangu Mwajuma, aliyenijua kabla ya ndala zote, alinikazia macho kunikataza.

Nikaacha nafasi, kama nilivyofundishwa. Nikawatazama mmoja mmoja, nikihesabu moyoni ni nani nitakayemkosa zaidi, na jibu likawa ni nyote, hata huyo anayekula mbele ya mashine. Tumbo langu halikuwa na mahali pa kuweka punje moja ya mchele.

"Baaado," nikasema.

Mkapumua nyote pamoja, mkacheka mpaka mlinzi akaja kuangalia. Ginette akanijazia sahani ya tatu, na nikaila yote.